Taa Nyeupe za Mama Kabula

"Dada, hivi ukishapita na hizo taa zako, huwa unajua umetuacha na hali gani sisi wa pembeni?"

Jenipha aliuliza hivyo Alhamisi moja, jumuiya ilipokwisha kusali, wakati akina mama wanakunja mikeka na kila mmoja anatafuta ndala zake mlangoni. Hakuuliza kwa shari. Jenipha na Benadetha ni majirani wa ukuta kwa ukuta hapa Bariadi. Wanaazimana chumvi, wanaangaliziana kuku. Tena Jenipha anauza uji na vitumbua karibu na stendi, kwa hiyo kila alfajiri yuko pembeni ya lami na ndoo ya uji kichwani, muda uleule Benadetha anapotoa gari kwenda Lamadi kuchukua samaki.

"Anatuacha na harufu ya sangara," alidakia mwingine, na wote wakacheka.

Benadetha naye alicheka. Akasema, "Nawaacha na amani ya Bwana," akavaa ndala zake akaenda. Lakini swali lilimfuata nyumbani. Alichambua mchele likiwa naye, akafunga mlango likiwa naye, maana alikuwa ameona jambo moja: Jenipha mwenyewe hakucheka.

Benadetha, ambaye wengi humwita Mama Kabula kwa jina la binti yake wa kwanza, ni mzaliwa wa Malampaka, karibu kabisa na stesheni. Mama yake alikuwa akiuza karanga za kuchemsha kwa abiria wa treni ya Mwanza, na watoto walimsaidia kubeba ungo. Treni ilipokuwa inaingia na taa yake kubwa mbele, mama alivuta ncha ya kanga akawafunika wanawe nyuso. "Msiitazame," alikuwa anasema. "Ikiwaingia machoni hamtajua mwisho wa jukwaa uko wapi." Basi watoto walisimama hivyo, wamefunikwa kama vifaranga, mpaka mabehewa yaanze kupita.

Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Joakim, dereva, mtu wa utani mwingi na mkono usiojua kufumba. Joakim ndiye aliyemfundisha kuendesha. Alisema mke wa dereva asiyeshika usukani ni sawa na mke wa mkulima asiyeshika jembe. Akamfundisha na ujanja wake wote, pamoja na ule usiofaa: ukifika kwenye mteremko, toa gia, liache gari liserereke lenyewe, petroli ibaki. "Gari nalo ni kiumbe, lipumzike," alikuwa akisema. Kisha ugonjwa wa sukari ukamchukua Joakim, Mungu amrehemu, akamwachia mjane wake watoto waliokwisha kukua, nyumba ya vyumba vitatu, na gari lake dogo, Probox.

Ndiyo akaanza biashara ya samaki. Anaondoka Bariadi kabla ya mapambazuko, anafika Lamadi mitumbwi inaingia, ananunua sato, sangara na dagaa, anarudi jua likiwa bado changa. Barabarani anasali rozari. Anaanza akiwasha gari, na kila sehemu ya njia ina tendo lake; kwa muda mrefu sasa, yule mama akikuambia yuko tendo la tatu, ujue yuko karibu na mteremko wa kabla ya Dutwa, pale penye kalavati. Na wakati wa kurudi, palepale juu ya kalavati, husimama kidogo. Hapo anaishi bibi mmoja peke yake, Bibi Nyamizi, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, hana mtu wa kumtuma. Benadetha humpa konzi mbili za dagaa, wanaulizana hali, anaendelea na safari.

Barabara ile ina wenyewe wengi. Kuna ng'ombe wanaopelekwa mnadani kungali giza, kuna punda, kuna baiskeli zisizo na taa wala breki. Msimu wa pamba ukifika kuna mikokoteni ya ng'ombe inayowahi foleni kwenye vituo vya kununulia, mizigo mirefu kama nyumba, na mwenye mkokoteni mara nyingi amelala juu ya pamba kwa sababu ng'ombe wanaijua njia. Na taa za Probox zilikuwa zimechoka. Vioo vyake vilikuwa na ukungu, mwanga wake njano kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Alfajiri moja Benadetha alikanyaga breki mpaka ndoo zote zikaruka mbele. Ndama alikuwa amelala katikati ya lami. Aliinuka taratibu, akamtazama yule mama kama mtu aliyeamshwa bila sababu, akaondoka zake. Benadetha alibaki ameshika usukani. Hakumwogopea ndama. Alikuwa anafikiri: je, angekuwa mtoto wa mtu?

Tangu siku hiyo hofu ya kumgonga mtu ikaingia ndani yake ikakaa. Akaenda kwa Keneth.

Keneth ni mtoto wa dada yake mkubwa, fundi umeme wa magari, ana kibanda chake cha mabati nyuma ya maghala ya pamba. Alizitazama taa akatikisa kichwa.

"Mama mdogo, hizi balbu za halojeni ni za kizamani. Unaendesha na mshumaa."

"Basi nisafishie vioo."

"Nikusafishie vioo, mshumaa uwe msafi? Ngoja nikuwekee zenoni." Akamwonyesha balbu ndogo kama kidole na viboksi viwili vya chuma. "Hizi ndani hazina uzi wa kuungua. Zina gesi. Umeme unapita kwenye kiboksi hiki, unaongezewa nguvu, unakwenda kuiwasha gesi. Ukiwasha hapa, wa Maswa anakuona."

"Sitaki wa Maswa anione. Nataka mimi nimwone aliye mbele yangu."

"Utamwona mpaka anachowaza."

Alifanya kazi mchana ule, akatoa balbu za zamani, akazifunga kwenye gazeti ampe mama mdogo wake, akachomeka mpya, akafunga viboksi kwa tai za plastiki kando ya betri. Alipowasha, taa zilianza na ubuluu, zikatetemeka, kisha zikatulia kuwa nyeupe pe. Ukuta wa ghala ukawa kama umepakwa chokaa saa ileile. Watu walisogea kutazama. Mmoja akasema, "Mama Kabula, hapo tunacheza mpira mpaka asubuhi."

Alfajiri ya kwanza Benadetha alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliona nyasi moja moja. Aliona macho ya sungura kabla sungura hajaliona gari. Aliona ng'ombe wakiwa mbali, akapunguza mwendo mapema, akapita kwa adabu. Na madereva wenzake waliokuja kwa mbele wakaanza kumpigia taa: wanawasha na kuzima, wanawasha na kuzima. Barabara ile inamjua, wanamwita Mama Samaki, na kupigiana taa ni salamu yao, au ni kuambiana kwamba trafiki yuko mbele. Akaona wamefurahia taa mpya. Naye akawajibu kwa kuwasha na kuzima, akapunga mkono, akatabasamu peke yake ndani ya gari.

Hayo yote yalikuwa kabla ya swali la Jenipha.

Baada ya swali lile, alianza kuangalia kioo cha nyuma. Hakuona kitu. Mbele kulikuwa mchana na nyuma kulikuwa giza tupu, kama barabara inakunjwa kila anapoipita. Alijiambia, kesho nitasimama nimwulize Jenipha vizuri alikuwa na maana gani. Kesho ikawa na shughuli zake.

Kisha Jumatatu, akiwa sokoni anapanga sato kwenye meza, mama mmoja mnunuzi akamwambia habari huku anapekua matumbo ya samaki kuona kama ni wabichi.

"Umesikia ya Mzee Masunga?"

"Masunga yupi?"

"Wa kule kabla ya Dutwa. Mkokoteni wake umeingia mtaroni alfajiri ya Jumamosi, pale kwenye kalavati. Mguu umevunjika. Wamemleta huku hospitali. Anasema kuna taa nyeupe ilimjia, nyeupe kama nini sijui, akawa haoni. Huyu nipimie, na huyu."

Benadetha alipima. Alipima vibaya, akarudia. Jumamosi alikuwa amewahi zaidi kwa sababu ya samaki wa harusi. Kwenye kalavati alikuwa tendo la tatu. Akaanza kutafuta kichwani mwake kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi: aliona nini pale? Aliona kitu kirefu cheupe upande wa kulia, na juu yake wekundu kidogo, kama blanketi. Akasogea kushoto kuwapisha, akapita. Hakusikia kishindo. Hakugusa mtu wala mnyama. Wakati wa kurudi, siku ile na leo, alikuwa na haraka, akapita bila kusimama kwa bibi, na mtaroni hapakuwa tena na mkokoteni. Akaendelea na Salamu Maria pale alipofikia.

"Mama Samaki, chenji yangu," alisema yule mama.

Usiku ule sala ilimgomea. Alifika kwenye "utusamehe makosa yetu" akasimama hapo, akaanza upya, akasimama tena palepale. Huenda haikuwa mimi, alijisemea. Magari ni mengi. Siku hizi malori yana taa nyeupe, mabasi yana taa nyeupe. Lakini hakuna lori wala basi linalopita pale muda ule, na yeye ndiye anayejua.

Asubuhi hakwenda Lamadi. Alimwambia Jenipha kwamba kichwa kinauma. Jenipha akamletea uji, akakaa kwenye kigoda, akaanza maongezi ya kumchangamsha mgonjwa, na maongezi yenyewe yakawa yaleyale.

"Wamemvamia yule bibi wa watu kwa maneno," alisema.

"Bibi gani?"

"Bibi Nyamizi, wa juu ya kalavati. Kijana wa Mzee Masunga, Shigela, anasema ile haikuwa gari. Gari lina mngurumo. Baba yake hakusikia mngurumo wowote, taa tu imekuja kimya kama inaelea. Sasa nani anatembea na taa alfajiri pale? Bibi Nyamizi, anakwenda na tochi kuchota maji mchangani mtoni kabla ng'ombe hawajayachafua. Basi. Wamekwisha kumaliza kesi. Wazee wa ukoo wanataka kwenda kwa mganga awatajie mwenye taa."

Benadetha aliweka kikombe chini.

"Lini?"

"Kesho jioni, ndivyo nilivyosikia. Sasa mganga hapo atamtaja nani, dada? Mtu akija tayari na jina mdomoni." Jenipha akashusha sauti. "Na unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu akishatajwa kuwa mchawi inakuwaje."

Alijua. Kila mtu anajua kwamba mapanga huja usiku, ndiyo maana watu hulisema kwa sauti ya chini. Akamfikiria Bibi Nyamizi mlangoni pake, anapokea dagaa kwa mikono miwili, anashukuru "wabeja, wabeja" mpaka gari lipotee. Akafikiri na jingine: mngurumo hawakuusikia kwa sababu ya Joakim. Pale mteremkoni hutoa gia. Gari linaserereka kimya mpaka lipite kalavati.

"Jenipha," alisema, "siku ile uliponiuliza kuhusu taa, ulikuwa na maana gani?"

Jenipha alitazama chini. "Nilikuwa na maana hiyohiyo, dada. Ukipita, mimi huwa nasimama na ndoo yangu nahesabu pumzi mpaka macho yarudi. Siku moja niliingia kwenye dimbwi. Sikutaka kukuudhi."

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuuliza?"

Jioni ileile Benadetha alimchukua Keneth na gari wakatoka nje ya mji, mpaka mahali ambapo lami imenyooka na nyumba zimekwisha. Jua lilikuwa limezama, kigiza cha kwanza kinaingia. Alishuka.

"Nenda mpaka kule kwenye mti uliokatika," alisema, "ugeuze, washa taa, unijie kama ninavyokuja mimi."

"Mama mdogo, wewe utakuwa wapi?"

"Nitasimama hapa pembeni."

"Ili iweje? Nikimgonga mama yangu mdogo nitasema nini nyumbani? Nitasema alinituma?"

"Utapita upande wako, na mimi nitakuwa upande wangu. Nenda, mwanangu, giza linaingia."

Keneth alikwenda, ananung'unika. Benadetha alisimama kwenye ukingo wa lami, kanga begani, mtaro nyuma yake hatua chache. Aliuona mtaro vizuri, aliona hata kopo la maziwa lililotupwa ndani yake. Akajisemea, najua niliposimama. Kisha kule mwisho taa zikawaka, buluu kwanza, halafu nyeupe.

Mwanzo alizitazama kama mtu anavyotazama kitu chake. Zilipokaribia, lami ikapotea. Kisha mikono yake mwenyewe ikapotea. Hakukuwa na gari, hakukuwa na Keneth, kulikuwa na weupe tu unaokua, na haukuacha mahali pa kuweka macho. Mkono wake ukaivuta kanga ukamfunika uso kabla hajauambia. Akarudi nyuma hatua moja, akatafuta ardhi kwa kisigino, akarudi nyingine. Ardhi haikuwepo.

Aliangukia mtaroni kwa ubavu. Upepo wa gari ukampita juu, halafu giza likamfunika, zito kuliko lile la mwanzo, lenye madoa ya kijani yanayocheza. Alikaa pale anasikiliza gari linavyokwenda. Halikusimama. Lilikwenda mpaka mbali, likageuza polepole, likarudi.

"Mama mdogo?" Keneth aliita kutoka dirishani. "Umekwenda wapi? Mama mdogo?"

"Niko huku chini."

Alikuja anakimbia, akamshika mkono, akampangusa vumbi. "Umeumia? Kwa nini hukuniita?"

"Hukuniona nikianguka?"

"Sikuona. Nilikuona umesimama, umejifunika kanga, nikapita. Nilijua uko salama." Kisha akageuka akazitazama zile taa, naye akakinga uso kwa kiganja. Alizitazama hivyo kwa muda, kwa pembeni, kama fundi. "Ni kile kioo cha ndani," alisema mwisho. "Kilitengenezwa kwa balbu ya zamani. Hii inamwaga mwanga kila upande, mpaka juu. Nilijua kidogo, mama mdogo. Nilidhani haidhuru. Wote wanaweka."

Benadetha hakumgombeza. Alikuwa anawafikiria wale madereva waliokuwa wanawasha na kuzima, wanawasha na kuzima, na yeye anapunga mkono.

"Zitoe," alisema. "Zile za gazeti ninazo chini ya kitanda. Na vioo nisafishie, kama nilivyokuomba mwanzo."

Gari likalala kwa Keneth. Asubuhi yake, Jumatano, alipanda bodaboda mpaka hospitali. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na kila alipoyapanga yalianguka. Wakiniitia watu? Wakisema nimeua, ingawa hajafa? Wateja watasemaje? Na watoto wangu huko waliko watasikia mama yao amefanya nini? Mara mbili alitaka kumwambia yule kijana wa bodaboda ageuze. Lakini jioni ilikuwa inakuja, na jioni wazee wa ukoo wa Masunga wangekwenda walikopanga kwenda.

Mzee Masunga alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta umeinuliwa, uso mwembamba wenye macho ya kucheka. Kitandani, miguuni pake, kulikuwa na blanketi jekundu lililokunjwa. Benadetha alipoliona alishika ukingo wa kitanda cha jirani.

"Mwangaluka, baba," alisalimia kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola. Pole sana na maumivu."

"Nimeshapoa. Ni mguu tu, na huu hata ulikuwa mvivu." Akamwonyesha kijana aliyekaa kwenye benchi, mabega mapana, hajanyoa. "Huyu mwanangu, Shigela. Mpe mama nafasi akae."

Shigela alisogea. Benadetha hakukaa.

"Nimekuja kuuliza ilikuwaje," alisema.

Mzee alifurahi kuulizwa. Ilionekana ameshawasimulia wodi nzima na bado hajashiba. "Nilikuwa nimelala juu ya pamba. Usinitazame hivyo, Shigela, hata babu yako alikuwa analala. Ng'ombe wangu, Hakimu na Karani, wanaijua njia ya kituoni kuliko diwani. Basi nashtuka, jua limenipiga usoni. Nikasema, ole wangu, nimechelewa foleni. Lakini lile jua lilikuwa linakimbia. Linanijia mimi! Sioni ng'ombe, sioni kamba mkononi. Sasa pale kushoto kuna ngitili yangu, malisho niliyoyafunga tangu masika, nimewafungulia juzijuzi. Kila asubuhi wakiona jua ndiko wanakokwenda. Hakimu akakata kushoto, Karani akafuata. Wameona kumekucha, wamekwenda kazini kwao. Mtaro hawakuuona, wala mimi. Pamba ikanipokea, gurudumu likanikataa. Halafu jua likapita, usiku ukarudi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Shigela hakucheka.

"Na hakuna mngurumo," alisema Shigela. "Mwambie hilo."

"Hakuna mngurumo," mzee alikubali. "Kimya. Ila nilipokuwa chini pale nilisikia harufu ya samaki."

"Samaki," Shigela alisema. "Pale hakuna ziwa. Na nimekwenda kuangalia mwenyewe, yule bibi ameanika dagaa mlangoni. Anawapata wapi dagaa? Hana shamba, hana mtoto. Anawapata wapi?"

Benadetha alielewa. Dagaa wake mwenyewe. Alikuwa amempa Ijumaa, na Bibi Nyamizi akasema atawaanika wachache awatunze.

"Anawapata kwangu," alisema.

Shigela akamgeukia.

"Mimi nauza samaki. Napita pale kila alfajiri kwenda Lamadi, na nikirudi namwachia dagaa. Gari langu linanuka samaki, mimi sisikii tena, lakini watu wananiambia. Taa zake nilibadilisha, nikaweka nyeupe. Pale mteremkoni natoa gia gari liserereke, ndiyo maana baba hakusikia kitu. Jumamosi nilipita. Ni mimi."

Shigela alitikisa kichwa.

"Mama, unamtetea," alisema. "Umesikia tunakwenda kwa mganga, umekuja kumtetea bibi wa watu. Ungekuwa ni wewe ungesimama."

"Sikusimama kwa sababu sikujua. Niliona mzigo wa pamba upande wangu wa kulia, na juu yake blanketi jekundu." Akalionyesha kwa kidole. "Hilo hapo. Mtu amejifunika mpaka kichwani. Nikasogea kushoto nikapita, nikajua nimekupisheni vizuri. Jana nimemweka kijana wangu aniendeshee gari langu mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni. Nimeanguka mtaroni na yeye hakuniona." Akageuza mkono akaonyesha kiwiko kilichochubuka. "Baba, nisamehe. Nilibadilisha zile taa kwa kuogopa kumgonga mtu."

Mzee Masunga alijiinua kidogo kwenye mto. Akalivuta lile blanketi kwa ncha ya vidole, akalitazama, akamtazama yeye.

"Kumbe jua langu ni wewe, mayu," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa nimelala."

"Baba, mguu wako," Shigela alisema.

"Mguu wangu uko hapa, nauona. Wewe mwangalie mama wa watu, amekuja kwa miguu yake."

Shigela aliinuka, akasogea dirishani, akawapa mgongo. Nje kulikuwa na ndugu zake wawili wanamsubiri chini ya kivuli cha ukuta, na Benadetha aliwaona nao wakimwona. Alitamani kuondoka. Alikuwa amesema alilokuja kusema, na mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Lakini kule juu ya kalavati kuna mtu alikuwa anageuza dagaa juani, hajui kwamba jina lake limeshafika kwa wazee. Akamfuata yule kijana mpaka dirishani, akasimama pembeni yake.

"Shigela mwanangu, kabla wazee hawajakwenda popote jioni ya leo, naomba unisindikize kwa Bibi Nyamizi, niseme mbele yake na mbele yao kwamba ile taa ilikuwa yangu."